Bonane ya mufanyakazi wa nyumba: kule Meksiko si zawadi, ni deni

Kila mwaka, katika wiki za mwisho za mwezi wa 12, kuna ulizo moja lenye kuzunguka ndani ya majiko ya Goma, Bukavu, Bunia, Uvira na Kalemie: patro atatoa nini mwaka huu? Mumoja atatoa mufuko wa muchele na chupa ya mafuta. Mwingine atatia franka kidogo ndani ya anvelope. Mwingine atasema tu "mwaka ulikuwa muzito", na habari itaishia pale. Yaya, mupishi, boyi na sentinele wanangojea, lakini hawawezi kudai kitu. Bonane inategemea moyo wa patro.

Kuna inchi ambako moyo wa patro hauulizwi. Sheria imeandika kiasi, imeandika tarehe, na imeandika kwamba mwenye kupikia watu, kufagia nyumba ao kuchunga watoto anahesabiwa kama wafanyakazi wengine wote. Moja ya inchi hizo ni Meksiko. Tumechagua kuieleza kwa sababu mbili. Kwanza, kule kuna wageni wengi wenye kutoka inchi zisizokuwa na sheria ya namna ile, na wanajikuta ni mapatro mbele hata ya kujua luga muzuri. Pili, namna sheria ile imetengenezwa inatufundisha kitu juu ya kazi ya nyumba hapa kwetu, na zaidi kwa ndugu zetu wenye kuishi inje lakini wameacha nyumba na sentinele huku.

Zawadi iliyogeuka kuwa mushahara

Watu wa Meksiko wanaita feza ile aguinaldo. Ni neno la zamani. Mbele lilikuwa na maana ya zawadi ya sikukuu, sawa vile sisi tunasema bonane. Hata leo, katika sherehe za posadas, kuanzia tarehe 16 mpaka 24 mwezi wa 12, watoto wanapewa kamufuko ka bonbon na matunda, na kamufuko kale pia kanaitwa aguinaldo.

Lakini tangu Sheria ya Kazi ya mwaka 1970, neno lile lina maana ya pili, yenye nguvu zaidi. Kifungu cha 87 kinasema kwamba kila mufanyakazi ana haki ya kupokea, mbele ya tarehe 20 mwezi wa 12, feza zisizopungua mushahara wa siku 15. Hicho ndicho kiwango cha chini. Mwenye kutaka kutoa siku 20 ao 30, hakuna mwenye kumukataza. Wafanyakazi wa serikali kuu wao wanapata siku 40.

Kifungu kile kina sehemu ya pili ambayo wengi wanaisahau, na ndiyo yenye kulinda wanyonge. Mufanyakazi asiyemaliza mwaka anapata sehemu yake kufuatana na wakati aliotumika. Na anapata hata kama siku ya kulipa ikifika hayuko tena kwenye kazi ile. Aliacha kazi mwezi wa 5? Alifukuzwa mwezi wa 9? Sehemu yake ipo. Hapo ndipo tunaona tofauti kati ya zawadi na mushahara. Zawadi inapewa mutu mwenye kuwa mbele yako siku ya sikukuu. Mushahara ni wa kazi iliyokwisha kufanywa, hata kama mwenye kuifanya ameisha kuondoka.

Wenye ufagio waliingia nyuma

Kwa maandishi, Katiba ya Meksiko ya mwaka 1917 ilikuwa tayari imetaja wafanyakazi wa nyumba katika kifungu chake juu ya kazi, kile cha 123. Kwa matendo, ilikuwa habari ingine. Kwa miaka mingi, mapatro wengi walifanya sawa vile sheria inaishia mulangoni pa nyumba yao. "Huyu ni kama mutoto wa nyumba," walisema. Sisi huku tunajua neno hilo. Mutoto wa nyumba hana saa za kazi, hana konje, na akizeeka hana kitu.

Mabadiliko yaliletwa na wenye kazi wenyewe. Marcelina Bautista, mwanamuke wa jimbo la Oaxaca, alianza kazi ya nyumba akiwa bado kijana mudogo sana. Mwaka 2000 alianzisha kituo cha kusaidia na kufundisha wafanyakazi wa nyumba, na mwaka 2015 yeye na wenzake wakaunda sendika yao. Mwezi wa 12 mwaka 2018, Mahakama ya juu ya Meksiko iliamua juu ya kesi ya mama muzee aliyetumikia nyumba moja zaidi ya miaka 50. Ilisema kwamba kuwaacha wafanyakazi wa nyumba inje ya bima ya lazima ya jamii ni kuwabagua, na ubaguzi ule unavunja Katiba.

Kisha, mwezi wa 7 mwaka 2019, Sheria ya Kazi ilirekebishwa. Sasa imeandikwa wazi kwamba mufanyakazi wa nyumba ana haki ya konje, nyongeza ya konje, siku za kupumzika zenye kulipwa, bima ya jamii na aguinaldo. Inaomba pia kontra iwe ya maandishi. Mwaka 2020 Meksiko ikatia sahihi ya mwisho kwenye Mapatano namba 189 ya Shirika la Kimataifa la Kazi, yale ya mwaka 2011 juu ya kazi ya nyumba.

Si jambo dogo. Watu wenye kufanya kazi ya nyumba katika inchi ile wanapita milioni 2, na karibu 9 kati ya 10 ni wanawake.

Mugeni anapogeuka patro

Sasa tuje kwa wageni. Kandokando ya ziwa Chapala katika jimbo la Jalisco, katika muji wa San Miguel de Allende, kule Mérida na Puerto Vallarta, kuna Wamarekani na Wakanada wengi. Wengi wao ni wazee wa pansio. Kule, pansio yao inafika mbali kupita kwao, na mutu ambaye Chicago hangeweza kulipa mufanyakazi hata mumoja anajikuta na mama wa kusafisha, mupishi, na mutu wa kutunza bustani.

Kwao Marekani, hakuna sheria ya inchi yenye kulazimisha bonane ya mwisho wa mwaka. Kwa hiyo mwezi wa 12 ukifika, mugeni anatoa zawadi kidogo, anacheka muzuri na mama wa kazi, na anafikiri amemaliza. Hajamaliza. Sheria haiulizi paspoti ya patro. Inauliza kazi inafanyika wapi. Kama ufagio uko Meksiko, sheria ni ya Meksiko, hata kama patro ni wa Kanada, hata kama mushahara unatoka benki ya Texas.

Na inafuata patro hata akirudi kwao. Wageni wengi wanaishi kule miezi ya baridi tu, kisha wanafunga nyumba na kurudi. Kama mama wa kazi anabaki kuangalia nyumba, kumwangilia maua na kufungua madirisha, kazi inaendelea na aguinaldo inaendelea kuhesabiwa. Kama patro ameuza nyumba mwezi wa 6 na kuondoka kabisa, inaomba alipe sehemu ya miezi ile pamoja na haki zingine mbele ya kupanda ndege.

Upande wa mufanyakazi, sheria ni ileile. Haimuangalii rangi wala makaratasi. Sheria ya Kazi ya Meksiko inakataza kubagua mufanyakazi juu ya hali yake ya uhamiaji. Jambo hilo linatugusa: katika miaka ya nyuma, zaidi mwaka 2019, Wakongomani wengi walipita katika muji wa Tapachula, kusini mwa Meksiko, wakielekea Marekani, na wengine walikaa pale miezi mingi wakingojea makaratasi. Mwenye kupata kazi ya nyumba kule anahesabiwa siku zake sawa na mwenye inchi.

Hesabu yenyewe

Hesabu si nguvu. Inaomba kujua vitu viwili: mushahara wa siku moja, na siku ngapi mufanyakazi amekuwa kwenye kazi mwaka ule. Mifano hii tumeitunga sisi kwa kuelewesha.

Tuseme mama analipwa peso 2.800 kwa wiki. Unagawanya na siku 7, kwa sababu siku ya kupumzika nayo inalipwa. Unapata peso 400 kwa siku. Mara 15 ni peso 6.000. Hiyo ndiyo aguinaldo yake kama amemaliza mwaka.

Tuseme mwingine mwenye mushahara uleule alianza kazi katikati ya mwaka, na mwisho wa mwezi wa 12 atakuwa na siku 146. Unachukua 146, unagawanya na 365, unapata 0,4. Unazidisha na siku 15, unapata siku 6. Siku 6 mara 400 ni peso 2.400.

Tuseme wa tatu anakuja siku mbili tu kwa wiki, analipwa peso 700 kila siku anayokuja. Kwa wiki ni 1.400. Njia yenye kutumika sana ni kugawanya hiyo nayo na 7: inatoka peso 200 kwa siku. Mara 15 ni peso 3.000. Kama anatumikia nyumba tatu, kila nyumba inafanya hesabu yake na kulipa sehemu yake. Sheria imetaja wazi aina tatu za wafanyakazi wa nyumba: mwenye kulala kwa patro, mwenye kutumikia patro mumoja na kurudi kwake, na mwenye kutumikia mapatro mbalimbali. Wote wamo. Mwenye kuitwa mara moja tu kwa kazi ya kubahatisha, huyo ndiye hayumo.

Pale mapatro wanapoteleza

Kosa la kwanza ni kulipa kwa vitu. Kuku mukubwa wa Noeli, nguo ambazo madame havai tena, telefone ya zamani: vyote ni zawadi nzuri, na mufanyakazi atashukuru. Lakini havipunguzi deni hata peso moja. Aguinaldo inalipwa kwa feza.

Kosa la pili ni kuikata kidogokidogo mwaka muzima bila karatasi, halafu mwezi wa 12 kusema "tulisha maliza". Kukiwa na ubishi mbele ya mwamuzi, ni patro ndiye anaombwa kuonyesha karatasi za malipo. Ndiyo maana mapatro wenye akili wanaandika karatasi fupi: jina, tarehe, kiasi, aguinaldo ya mwaka fulani, na sahihi. Karatasi ile inalinda wote wawili.

Kosa la tatu ni kufikiri kwamba mufanyakazi akinyamaza, deni limekufa. Ana mwaka muzima wa kudai tangu siku alipopaswa kulipwa. Na kuna ofisi ya serikali, Profedet, yenye kushauri wafanyakazi bure, bila kuomba hata peso.

Lakini tusifikiri kwamba kule mambo yote yamenyooka. Kontra nyingi za nyumba zinabaki za mudomo. Mama mwenye kudai kwa nguvu anaweza kuambiwa asirudi kesho, na kazi ya nyumba inafanyika mahali ambapo mukaguzi haingii kirahisi. Sheria haifungui mulango peke yake. Ila inabadilisha maneno: mama haombi tena, anakumbusha.

Meksiko haiko peke yake

Kule Brazili, ambako Wakongomani wengi wamekimbilia na kuishi, zaidi São Paulo na Rio de Janeiro, feza ile inaitwa mushahara wa 13. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1962, na Katiba ya 1988 ikawapa wafanyakazi wa nyumba pia. Inalipwa mara mbili: nusu ya kwanza mbele ya mwisho wa mwezi wa 11, na ya pili mpaka tarehe 20 mwezi wa 12. Ni mushahara wa mwezi muzima.

Kule Ufilipino, mwezi wa 13 uliwekwa kwa amri ya mwaka 1975, lakini wafanyakazi wa nyumba waliachwa inje. Walingojea mpaka sheria ya mwaka 2013. Sasa mwenye kutumika mwezi mumoja ao zaidi anapata sehemu yake, na inaomba alipwe mbele ya Noeli. Italia nayo ina mwezi wa 13 kwa wenye kutunza nyumba na wazee, na wengi wa wafanyakazi wale ni wageni.

Kila mahali habari ni karibu moja: haki inaanza kwa wenye kiwanda na ofisi, na wenye jiko wanaingia mwisho.

Na kwetu Kongo?

Hapa inaomba tuseme wazi, kusudi mutu asiende kugombana bure. Kodi ya Kazi ya Kongo, yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, hailazimishi kila patro kulipa mwezi wa 13. Inataja gratifikasio na mwezi wa nyongeza kati ya vitu vinavyohesabiwa kuwa malipo ya kazi, lakini haisemi kwamba ni lazima kwa wote. Kwa hiyo mwezi wa 13 unakuwa deni pale umeandikwa katika kontra, ao katika mapatano ya kampuni na wafanyakazi wake. Kama patro aliahidi katika kontra, si bonane tena. Ni mushahara.

Lakini kuna jambo ambalo sheria yetu inafanana nalo sana na ile ya Meksiko, na wengi hawalijui. Kifungu cha kwanza cha Kodi kinasema kwamba inahusu wafanyakazi wote na mapatro wote, bila kujali uraia wao, bila kujali kiasi cha mushahara, bila kujali mahali kontra ilifanywa, mradi kazi yenyewe inafanyika Kongo. Maana yake ni mepesi. Mugeni wa shirika mwenye mupishi Goma yuko chini ya sheria ya Kongo. Na Mukongomani mwenye kuishi Brussels, Montréal ao Nairobi, aliyeacha nyumba Himbi ao Nguba na sentinele mulangoni, naye ni patro chini ya sheria ya Kongo. Kutuma feza kwa M-Pesa ao Airtel Money kupitia shemeji hakubadilishi kitu. Shemeji ni njia ya kupitishia feza. Patro ni mwenye nyumba.

Tuliona uzito wa jambo hili mwanzo wa mwaka 2025, vita vilipofika Goma kisha Bukavu. Wafanyakazi wengi wa mashirika ya kigeni waliondoshwa haraka, familia nyingi zikakimbia. Mutu akikimbia risasi, hakuna mwenye kumulaumu. Lakini kukimbia hakufuti miezi iliyotumikwa. Mufanyakazi anabaki na haki zake: mushahara wa siku alizotumika na malipo ya konje ambayo hakuchukua. Kodi inahesabu konje ya siku moja ya kazi kwa kila mwezi muzima wa kazi, kwa mutu mukubwa. Na patro mwenye kuvunja kontra isiyo na mwisho, bila kosa zito la mufanyakazi, anapaswa kutoa preavi ya siku 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka wa kazi uliotimia. Sentinele aliyelinda nyumba miaka 4 anahesabiwa siku 42.

Na kama hamukuandika kontra? Sheria haimwachi mufanyakazi mikono mitupu. Kontra isiyoandikwa inachukuliwa kuwa ya muda usio na mwisho, mpaka ihakikishwe vingine, na mufanyakazi anaweza kutumia ushuhuda wa kila namna: majirani, ujumbe wa telefone, alama za feza zilizotumwa kila mwezi. Ubishi ukitokea, mbele ya kufika tribinali ya kazi inaomba kwanza kupita kwa mukaguzi wa kazi, Inspection du Travail, ambaye anaita pande zote mbili na kujaribu kuwapatanisha.

Mambo ya kufanya mbele ya Noeli

Kwa mufanyakazi: andika katika kaye tarehe uliyoanza kazi, mushahara wa kila mwezi na siku ulipoupokea. Usifute ujumbe wa M-Pesa. Siku ya kupatana juu ya kazi, uliza wazi: "Mwisho wa mwaka kutakuwa kitu? Kiasi gani?" Na uombe kiandikwe.

Kwa patro mwenye kuishi hapa ao inje: kama unaweza kutoa mwezi wa 13, uandike katika kontra na uugawanye kwa miezi 12. Mwenye kulipa dola 60 kwa mwezi akiweka dola 5 pembeni kila mwezi, mwezi wa 12 ukifika feza zipo, na hakuna presha. Kama huwezi, sema mapema, usiache mutu apange masomo ya watoto juu ya ahadi yako. Na kama unaondoka, hesabu haki za mutu mbele ya kufunga valizi, mulipane, muandikiane karatasi.

Muchele na mafuta ya bonane ni vitu vizuri, na hatusemi viachwe. Ila mama aliyepikia watoto wako miezi 12 anapaswa kujua, mbele ya mwezi wa 12, ni kitu gani ni zawadi yako na ni kitu gani ni jasho lake.